Simu Moja, Watoto Watatu: Mwongozo wa Kuwalinda Watoto Mtandaoni

Miongozo mingi ya usalama wa watoto mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo kila mtoto ana tableti yake, intaneti haikatiki na mzazi yuko nyumbani kabla jua halijazama. Nyumba nyingi za Temeke, Mwanza, Kisumu au Likoni haziko hivyo. Simu janja ni ya mama, au ya kaka aliyemaliza chuo. Bando hununuliwa la siku, pengine la saa. Mtoto huipata simu jioni mama anapoingia jikoni. Hutazama katuni, hucheza Free Fire, hutafuta majibu ya kazi ya nyumbani, kisha humpasia mdogo wake.

Kampuni za mitandao zina vizuizi vya kuwakinga watoto, na vingine ni vizuri kweli. Tatizo ni kwamba vinafanya kazi pale tu mtandao unapojua kwamba aliyeshika simu ni mtoto. Akaunti ya mama inasema mwenye simu ana miaka 38, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa anapokea matangazo, video na ujumbe wa mtu wa miaka 38.

Mwongozo huu ni wa familia ya namna hiyo: simu moja au mbili, watoto kadhaa, na mzazi ambaye hana muda wa kukaa begani kwa mtoto kutwa nzima.

Kinachowapata watoto

Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na shirika la ECPAT walitoa ripoti ya utafiti wao uitwao Disrupting Harm kuhusu Tanzania. Ilionyesha kwamba watoto 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba kwa makadirio watoto 200,000 wa umri huo walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kenya nayo ilifanyiwa utafiti huohuo. Kuna jambo moja katika matokeo ya utafiti huo ambalo linapaswa kubadilisha mazungumzo ya nyumbani: mara nyingi mhusika si mgeni. Ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu, na simu imempa tu mlango wa kuingilia usiku wa manane bila kubisha.

Kwa hiyo onyo la "usiongee na usiowajua" halitoshi. Mtoto akimtazama anayemwandikia na kumwona ni kaka wa jirani, au rafiki wa rafiki, anahesabu kwamba onyo halimhusu. Linalofaa zaidi ni kumfundisha mwenendo wa mambo, maana mwenendo hufanana, awe mhusika ni jirani au mtu aliye nchi nyingine.

Huanza hivi. Katika uwanja wa mazungumzo wa mchezo mtu anaandika, "Unacheza vizuri mdogo wangu, una miaka mingapi?" Siku mbili baadaye analeta zawadi: almasi za Free Fire, au vocha. Kisha anaomba wahamie WhatsApp, kwa kuwa "huku kuna kelele." Wakishahama inakuja siri: "Usimwambie mama, hatatuelewa." Picha ya kwanza anayoomba ni ya kawaida kabisa, ya uso au ya sare ya shule. Inayofuata inasogea kidogo. Kila hatua ni ndogo, na ndiyo maana mtoto akiulizwa baadaye ni wapi alipokosea hawezi kuonyesha mahali.

Mtoto wa miaka minane anaweza kukariri alama tatu: zawadi, kuhama, siri. Mtu yeyote, hata akiwa ndugu, akileta mambo hayo matatu kwa mfuatano, mtoto anakwenda kumwambia mkubwa.

Kuna aina nyingine ya hatari, nayo ni ya haraka na huwalenga sana wavulana. Mtu anajifanya msichana, anatuma picha, anaomba arudishiwe, na akishaipata anageuka papo hapo: lete hela, la sivyo picha inakwenda kwa darasa zima. Machi 2022 kijana wa miaka 17 katika jimbo la Michigan, Marekani, alijitoa uhai saa chache tu baada ya kutishwa kwa njia hiyo. Waliomtishia walikuwa Lagos. Ndugu wawili walisafirishwa kutoka Nigeria hadi Marekani, na mwaka 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Kesi hiyo ni ya mbali, lakini mbinu yake inahitaji simu na bando tu, na kijana wa Nakuru au Dodoma hupokea ujumbe uleule.

Siku hizi hata picha ya uchi haihitaji kutumwa. Programu za akili mnemba zinaweza kuchukua uso kutoka picha ya mahafali na kutengeneza picha ya uongo. Mtoto ambaye hakufanya lolote anaweza kutishwa kwa picha asiyoijua, na naye atastahili kuaminiwa kama mwingine.

Yapo na mengine: matusi ya wanafunzi wenzake kwenye makundi ya WhatsApp, kubeti kwa kutumia namba ya mzazi, na matapeli wa mitihani. Katika misimu ya mtihani wa kidato cha nne wa Kenya (KCSE) ya miaka ya karibuni polisi wa Kenya wamekamata watu waliokuwa wakiendesha chaneli za Telegram za kuwauzia watahiniwa mitihani bandia. Mtoto aliyelipia mtihani bandia huwa amepoteza pesa na pia ameshika siri ambayo tapeli anaweza kuitumia tena.

Ahadi kwanza, mipangilio baadaye

Mtishaji yeyote ana sentensi moja anayoitegemea kuliko zote: "Mwambie mama yako uone atakavyokufanya." Anaitumia kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mtoto anapiga hesabu: nikisema nitapigwa, nitanyang'anywa simu, baba atajua, na dada atanicheka. Nisiposema, huenda mtu huyu akaniacha. Anachagua kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakompa mtishaji wiki nzima ya kudai zaidi.

Ndiyo maana kinga ya kwanza haipo ndani ya simu. Ni ahadi inayotolewa kabla ya tatizo, kwa sauti, na ikirudiwa. Mzazi ambaye atafanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, na alifanye hili.

> MANENO YA KUMWAMBIA MTOTO
>
> *Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 10:* "Mwanangu, ukiona kitu kwenye simu kikakutisha au kikakuchanganya, igeuze simu kifudifudi uje uniite. Hata kama ulibonyeza mwenyewe, sitakugombeza."
>
> *Kwa mtoto wa miaka 11 na kuendelea:* "Kuna watu wanaotafuta picha za watoto ili wawatishe. Ikikutokea, hata kama picha uliituma mwenyewe, njoo kwangu siku hiyohiyo. Sitakupiga, na sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Tutakwenda pamoja."
>
> *Akiuliza, "Na baba je?"* Jibu liwe tayari: "Baba nitaongea naye mimi."

Ahadi hii ina masharti kwa mzazi. Baba na mama wakubaliane kabla haijatolewa, maana ahadi ya mama inayovunjwa na mkanda wa baba haitaaminiwa tena. Pia si kila mtoto anaweza kumkabili mzazi kwa jambo la aibu. Mchagulie, au mwachie achague, mtu mzima wa pili: shangazi, bibi, somo wake, mwalimu wa malezi. Mtu huyo aambiwe waziwazi kwamba amechaguliwa, na apewe maneno yaleyale.

Usiitoe ahadi kama hotuba siku ya Jumapili familia nzima ikiwa imekaa. Itoe mkiwa mnachambua mchele, mkiwa njiani kutoka dukani, au mnapotazama taarifa ya habari inayohusu jambo hilo. Mtoto husikiliza vizuri zaidi asipokuwa anatazamwa usoni.

Kuitengeneza simu ya kushirikiana

Kazi hii inaweza kumalizwa jioni moja. Maelezo yanafuata simu za Android, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, itel, Infinix, Samsung na Redmi.

1. Ichukue akaunti yako ya Google. Simu nyingi zinapotoka dukani, kijana aliyeuza ndiye aliyefungua Gmail, akaweka nywila anayoijua yeye na tarehe ya kuzaliwa aliyoibuni. Huyo anaweza kuona picha zinazohifadhiwa kwenye akaunti. Badilisha nywila leo. Kama hukuwahi kuijua, fungua akaunti mpya, hamishia majina ya simu, kisha uiondoe ile ya zamani.

2. Ifungie pesa. Mtoto anayetumwa kwa wakala huijua namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx. Ibadilishe, na ukimtuma, mtume kuweka na si kutoa. Futa ujumbe wenye namba za siri za benki, maana mtoto anaweza kumtajia "mtu wa huduma kwa wateja" akidhani anasaidia.

3. Ifungie WhatsApp. Ndani ya WhatsApp, sehemu ya faragha, kuna kufuli la alama ya kidole. Liwashe. Hapo hapo, kwenye makundi, chagua kwamba ni watu ulionao kwenye orodha tu wanaoweza kukuingiza kwenye kundi. Kisha zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Makundi ya ukoo na ya kikoba hutumiwa video za ajali na za ngono bila onyo, nazo hujihifadhi kwenye galari ambayo mtoto ataifungua asubuhi.

4. Weka namba ya siri kwenye Google Play. Katika mipangilio ya Play Store, sehemu ya familia, washa udhibiti wa wazazi na uchague umri. Katika sehemu ya ununuzi, weka sharti la nywila kwa kila malipo.

5. Punguza makali ya YouTube na Google. Kwenye YouTube washa "Restricted Mode", na kwenye Google washa "SafeSearch". Hazizuii kila kitu. Zinapunguza.

6. Jifunze kubandika programu. Katika mipangilio ya usalama kuna "App pinning" au "Screen pinning". Ukishaiwasha, pamoja na sharti la kuuliza namba ya siri kabla ya kubandua, unafungua katuni, unaibandika, unampa mtoto simu. Hawezi kutoka kwenye katuni kwenda WhatsApp au kwenye picha bila namba yako. Kwa nyumba yenye simu moja hakuna mpangilio unaofaa kuliko huu, na wazazi wachache wanaujua.

7. Tumia kufuli la programu. Simu za Tecno, Infinix na itel huja na Phone Master yenye kufuli la programu mojamoja. Samsung na Redmi zina njia zao. Fungia galari, ujumbe mfupi, benki na Facebook.

Baada ya hapo, weka kanuni mbili za nyumba, zisizidi, ili zikumbukwe: simu hutumika sebuleni au uani na haiingii chumbani mlango ukiwa umefungwa, na usiku simu zote hulala mahali pamoja, zikichajiwa, ya mama ikiwemo. Kanuni inayomhusu mtoto peke yake huwa na maisha mafupi.

Mtoto akipata simu yake

Kwa familia nyingi siku hiyo huja baada ya mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne, au mtoto wa bweni anaporudi likizo ya Desemba. Shule nyingi zinakataza simu, kwa hiyo kijana anarudi na kiu ya miezi mitatu na anapewa simu, bando na wiki nzima bila kazi. Mpito huo ufanywe taratibu.

Anza na umri wa kweli. WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zote zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Wazazi wengi, kwa nia njema, huandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo ili akaunti ikubali. Hapo wanamvua mtoto kinga zote kwa mkupuo mmoja. TikTok hairuhusu ujumbe wa faragha kwa aliye chini ya miaka 16, huziweka akaunti za miaka 13 hadi 15 kuwa za faragha tangu mwanzo, na matangazo ya moja kwa moja ni ya waliotimiza 18. Instagram, tangu 2024, imekuwa ikiwahamishia vijana kwenye akaunti maalumu zinazozuia ujumbe kutoka kwa wasiowafuata. Mtoto wa miaka 13 aliyeandikishwa kama wa miaka 20 hapati hata kimoja. Machi 2025 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu wasichana wa Kenya, baadhi wakiwa na miaka 15, waliotumiwa katika matangazo ya ngono ya moja kwa moja kwenye TikTok ambako watazamaji hulipa kwa zawadi. Umri wa uongo ndio unaomfikisha mtoto kwenye ukumbi kama huo.

Kisha:

1. Mfungulie akaunti ya Google yenye tarehe yake halisi, na iunganishe na yako kwa Family Link. Programu hiyo ni ya bure. Utaidhinisha kila programu anayotaka kupakua, utaweka saa za kulala za simu, na utaona ilipo.
2. Kama anatumia TikTok, unganisha akaunti zenu kwa "Family Pairing". Unahitaji akaunti yako mwenyewe, hata kama huna nia ya kuweka video.
3. Kwenye WhatsApp yake, picha ya wasifu na taarifa zake zionekane na watu wake tu. Makundi yafungwe kama ulivyofanya kwenye simu yako. Makundi ya kugawana notisi na mitihani ya zamani, yanayoingiwa kwa kiungo, humwonyesha namba ya mtoto kila aliyemo.
4. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti, ili aliyeiba namba ya uhakiki asiweze kuingia.
5. Kwenye Snapchat, zima ramani inayoonyesha alipo.
6. Laini yake isajiliwe kwa kitambulisho chako. Nchini Tanzania piga *106# mara kwa mara uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako, na ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Je, umpekue? Kwa mtoto wa miaka kumi, ndiyo, na aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba simu itakaguliwa. Kwa kijana wa miaka 16, kupekua kwa siri hugharimu zaidi ya kinachopatikana: akigundua, atafungua akaunti ya pili, na hiyo hutaijua kamwe. Mwombe akuonyeshe mwenyewe anachocheza na anaocheza nao. Muulize maswali ya mtu anayetaka kujifunza. Vijana hupenda kufundisha.

Picha ambazo mzazi huziweka mwenyewe

Sehemu hii ni fupi lakini isirukwe. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo ya shule, ikiambatana na jina lake kamili na maneno "siku ya kwanza darasa la nne", humpa mtu mbaya kila anachohitaji ili asimame getini saa ya kutoka. Weka picha bila nembo, bila jina kamili, na isiwe ya mtoto akiwa anaoga, hata akiwa mchanga.

Shule nazo zinabanwa. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mzazi ana haki ya kumwandikia mkuu wa shule kwamba picha ya mwanawe isitumike kwenye tangazo, na iliyokwisha kutumika iondolewe.

Mambo yakishaharibika

Ishara huonekana kabla ya maneno: mtoto anaruka ujumbe ukiingia, hali chakula, anakataa kwenda shule, anaomba pesa bila sababu, au ana kitu kipya ambacho hawezi kueleza kilikotoka. Akisema, sentensi ya kwanza ya mzazi huamua kama atasema na yaliyobaki. Iwe, "Umefanya vizuri kuniambia." Maswali ya "kwa nini ulituma" yasubiri, na mengine hayahitaji kuulizwa kabisa.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Usimwache peke yake usiku huo. Mtoto anayetishwa huona aibu kubwa kuliko umri wake. Lala naye chumba kimoja. Akizungumzia kufa, lichukue kwa uzito wake na umpeleke hospitali au upige 116 mara moja.
2. Usilipe. Anayelipwa mara moja anajua kwamba mtoto ana pa kupata pesa, na hurudi.
3. Usifute chochote. Andika kwenye daftari jina la akaunti, kiungo chake, namba ya simu, tarehe na saa. Piga picha ya skrini ya maneno ya vitisho. Namba ya kupokelea pesa ni ushahidi mzito, kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa vitambulisho.
4. Usinakili picha za uchi za mtoto. Ziache zilipo ndani ya simu na uipeleke simu yenyewe polisi. Usimtumie mtu yeyote, hata ndugu, hata kwa lengo la kuonyesha ubaya wake.
5. Ukishahifadhi ushahidi, mzuie mhusika na umripoti kwenye mtandao wenyewe. Usijibizane naye, na usijifanye mtoto ili umtege. Hiyo ni kazi ya wapelelezi.
6. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018. Zote mbili zinahesabu picha za ngono za watoto kuwa kosa la jinai. Omba namba ya jalada na jina la askari anayelishika. Ukiambiwa "hayo ni mambo ya watoto", omba kumwona mkuu wa kituo.
7. Jaribu kuisimamisha picha isienee. Huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha NCMEC cha Marekani, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, kisha mitandao inayoshiriki, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitafuta na kuiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo ya WhatsApp.
8. Kama walionana ana kwa ana na mtoto ameguswa, hospitali hutangulia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana mahali pamoja.

> NAMBA ZA KUBANDIKA UKUTANI
>
> Simu ya mtoto, bure: 116 (Tanzania Bara na Zanzibar, Kenya, Uganda)
> Polisi wa dharura: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya
> Wapelelezi wa jinai (DCI) Kenya, bure: 0800 722 203

> MAKOSA YANAYORUDIWA
>
> ☐ Kuvunja au kuchoma simu kwa hasira. Ushahidi wote umekwenda nayo.
> ☐ Kumaliza mambo na familia ya mhusika kwa fidia. Mhusika anabaki na simu yake na watoto wengine.
> ☐ Kusambaza picha kwenye kundi la mtaa "ili watu wamjue". Aliyesambaza naye ametenda kosa.
> ☐ Kudhani wavulana hawahusiki.
> ☐ Kumhamisha mtoto shule kimyakimya bila kumuuliza anataka nini.
> ☐ Kumpa kaka mkubwa kazi yote ya ulinzi kwa kuwa "anajua mambo ya simu". Wakati mwingine kaka ndiye tatizo.

Wiki zinazofuata

Mrudishie mtoto simu. Ikibidi akae bila simu siku chache kwa sababu iko polisi, mweleze hivyo, na mtafutie namna ya kuongea na rafiki zake kupitia simu yako. Mwalimu mmoja anayeaminika aambiwe kiasi kinachotosha ili awe macho kama picha au uvumi utafika darasani, lakini si darasa zima na si kikao cha walimu. Wadogo zake waambiwe tu kwamba hakuna kumtania.

Watishaji wanaweza kupotea kisha kurudi na akaunti mpya, nyumba ikiwa imeanza kupumua. Mwambie mtoto mapema kwamba hilo linaweza kutokea na kwamba si kosa lake. Ujumbe ukija, asijibu. Alete simu kwako, namba mpya iandikwe kwenye daftari lilelile, na ipelekwe kwa askari yuleyule mwenye jalada.